Kupima Damu Inayopita Ubongoni kwa MRI Bila Sindano: Mwongozo Kamili kwa Anayekwama

Picha ninazotumiwa na wenzangu wa radiografia hapa Nairobi zina ugonjwa mmoja. Upande mmoja wa ubongo umezimika kama mtaa uliokatiwa stima, au gamba la ubongo ni giza huku mishipa ikimeta kama taa za barabarani, au picha nzima ni chenga tupu. Swali linalokuja nazo ni lilelile: "Mashine yetu imeharibika?"

Mara nyingi mashine ni nzima. Kosa lilifanyika kabla ya kitufe kubonyezwa: shingoni, kwenye saa, au kwenye kikombe cha chai alichokunywa mgonjwa akingoja matatu.

Mwongozo huu ni wa ASL, yaani njia ya kutia alama damu ya ateri kwa mawimbi ya redio na kupima kiasi kinachofika ubongoni, bila kudunga dawa ya gadolini. Umeandikwa kwa aliyekwisha kufundishwa MRI na kuruhusiwa kuiendesha. Kama bado hujui kumchuja mgonjwa mwenye chuma mwilini, anzia hapo kwanza, haya yatakungoja.

## Unavyohitaji

Mashine ya tesla 3, ukiipata. Ya tesla 1.5 inafanya kazi pia, ila ishara yake ni dhaifu zaidi, na hesabu ya jambo hilo utaiona mbele.

Programu ya ASL yenye leseni. Fungua orodha ya vipimo uone jina lake: pCASL (alama hutiwa mfululizo) au PASL (alama hutiwa kwa pigo moja). Ukiwa na zote mbili, chukua pCASL. Hiyo ndiyo iliyopendekezwa katika makubaliano ya wataalamu yaliyochapishwa mwaka 2015, na sababu ni nyepesi: inatia alama damu kwa muda mrefu, kwa hiyo ishara inakuwa na nguvu zaidi.

Koili ya kichwa yenye chaneli 8 au zaidi, sponji za kubana kichwa, vizibo vya masikio na blanketi.

Kipimo cha damu cha karibuni: hemoglobini au hematokriti (sehemu ya damu ambayo ni chembe nyekundu). Wengi hukiruka hiki, na baadaye hawaelewi namba zao zimetoka wapi.

Kompyuta yenye dcm2niix ya kugeuza faili na FSL ya kuchakata, kama hutategemea ramani inayotolewa na mashine yenyewe. Zote mbili hupakuliwa bila malipo.

Mwisho, UPS inayobeba kompyuta ya mashine. Stima ikipepesa dakika ya nne ya kipimo cha dakika tano, unaanza upya, na mgonjwa hana subira ya dakika nyingine tano.

## Kwanza shika wazo hili

Fikiria abiria wa Rongai wanaokuja mjini asubuhi. Umesimama stendi kule Rongai, na kila anayepanda matatu unamtia wino kidoleni, kama ule wa siku ya kura. Halafu unangoja. Kisha unapiga picha moja tu ya watu walioshuka mjini na kuhesabu vidole vyenye wino.

Ukipiga picha mapema, watu wako bado wamekwama kwenye jam ya Lang'ata Road. Utaona vidole vingi vya wino barabarani na hakuna hata kimoja mjini, kisha uandike kwamba Rongai haina watu. Ukichelewa mno, wote wamefika, lakini wino umeshafutika.

Shingo ndiyo stendi, na damu ya karotidi (mishipa mikubwa ya mbele ya shingo) na ya ateri za vetebra (za nyuma, kando ya uti) ndiyo abiria. Wino ni mawimbi ya redio yanayogeuza usumaku wa protoni za maji ya damu. Wino huu unafifia haraka: kwenye tesla 3, baada ya milisekunde 1,650 umebaki takriban asilimia 37 yake. Kwenye tesla 1.5 unafika hapo kwa milisekunde 1,350 tu.

Mashine hupiga picha moja ikiwa imetia alama, nyingine ya kulinganisha bila alama, kisha inatoa moja kutoka kwa nyingine. Tofauti inayobaki haifiki asilimia moja ya ishara yote ya ubongo. Ndiyo maana kikohozi kimoja kinaweza kuharibu kazi nzima, na ndiyo maana namba zilizoachwa na fundi aliyefunga mashine hazimfai kila mgonjwa. Picha ya ASL inaonyesha muda kabla ya kuonyesha kiasi. Ukiisoma kama kiasi peke yake, utadanganyika.

## Hatua ya 1: Muulize mgonjwa alichokunywa

Kafeini hubana mishipa ya ubongo. Vikombe viwili vya kahawa vinaweza kushusha mtiririko wa damu kwa robo hivi. Shida ya Nairobi ni kwamba chai haihesabiwi kuwa kinywaji.

"Mzee, umekunywa kahawa leo?"

"Hapana, mimi si mtu wa kahawa."

"Na chai je?"

"Aa, chai tu. Strungi, vikombe viwili."

Hizo strungi mbili zina kafeini. Usimfukuze mgonjwa kwa sababu yake. Andika kwenye fomu alikunywa nini na saa ngapi. Kama kipimo ni cha utafiti, au cha kulinganishwa na cha mwezi ujao, hakikisha mara zote mbili amekuja katika hali ileile.

Uliza pia kuhusu sigara, miraa na muguka, na uulize bila sauti ya hakimu. Ukiuliza kama askari, utajibiwa kama askari. Miraa na muguka vina kemikali zinazoamsha mwili na kubana mishipa.

Mtoto aliyelia hadi akapumua kwa kasi anapunguza hewa ya kaboni dayoksaidi mwilini, na mishipa ya ubongo inabana. Anayebana pumzi huleta kinyume chake. Mtoto akilazwa kwa dawa ya usingizi, andika jina la dawa: propofoli hushusha mtiririko, ketamini inaweza kuupandisha.

Umefaulu hapa ikiwa fomu ina majibu ya kafeini, tumbaku, miraa, dawa za usingizi na hemoglobini, na si alama za vema tupu.

## Hatua ya 2: Nywele, meno na kichwa

Ukaguzi wa kawaida wa chuma unaujua: vifaa vya kuendesha mapigo ya moyo, klipu za mishipa ya ubongo, vipande vya risasi. Nitasema yanayoiumiza ASL hasa.

Nywele. Wigi nyingi zina vibanio vya chuma ndani ambavyo hata mwenyewe amevisahau, na baadhi ya nywele za kusuka zina nyuzi zinazometa za madini. Muulize kwa heshima, tena faraghani: "Mama, hizi ni za kushonea au ni wigi? Kuna kibanio ndani?" Usimvue mtu wigi mbele ya watu. Weka kitambaa safi chumba cha kubadilishia nguo ili ajifunike kichwa.

Kisogo kilichofungwa nywele nyingi huinua kichwa na kukunja shingo. Mishipa inapinda, na hatua ya 4 inakuwa ngumu maradufu. Mwombe alegeze nywele zikae pembeni.

Meno. Waya za kunyoosha meno na madaraja ya chuma huvuruga uga wa sumaku karibu kabisa na mahali pa kutia alama. Huwezi kuvitoa, ila jua vipo. Utahamisha sehemu ya kutia alama.

Baada ya hapo mlaze, bana kichwa kwa sponji pande zote mbili, mfunike. Mwambie afumbe macho au ayafumbue, lakini chagua moja na uitumie kila siku. Macho wazi huongeza damu nyuma ya ubongo panaposhughulikia kuona, na msomaji asiyejua anaweza kulifanya jambo hilo ugonjwa.

## Hatua ya 3: ASL itangulie dawa

Kama mgonjwa atadungwa gadolini siku hiyo, ASL ipigwe kabla. Gadolini hufupisha muda wa wino wetu kiasi kwamba alama hufutika kabla ya kufika. Nimeona ASL ikiwekwa mwisho wa orodha "kwa sababu ni ya ziada", ikitoka nyeusi kila mara, na lawama zikimwendea fundi.

Iweke mapema, baada ya picha za kupangia na moja ya T1 (ile ya umbo la ubongo), mgonjwa akiwa bado ametulia.

## Hatua ya 4: Shingo

Hapa ndipo kazi ilipo. Ukiwa na dakika tatu za ziada kwa kila mgonjwa, zitumie hapa.

Kwenye pCASL, alama hutiwa kwenye bamba jembamba linalokata shingo. Kila tone la damu linalolivuka hugeuzwa, lakini kwa masharti mawili: damu ilivuke bamba ikiwa karibu wima, na uga wa sumaku uwe umetulia pale. Sharti moja likivunjika kwa mshipa mmoja, eneo lote linalolishwa na mshipa huo litatoka giza.

4a. Piga picha ya haraka ya mishipa ya shingo. Picha ya mishipa ya chini ya dakika moja inatosha. Usitegemee kukisia kwa mifupa.

4b. Tafuta mahali ambapo karotidi mbili na ateri mbili za vetebra zimenyooka zote kwa pamoja. Kwa mtu mzima, sehemu hiyo huwa takriban milimita 85 chini ya mstari wa AC-PC (alama mbili za katikati ya ubongo zinazotumika kupangia picha), chini ya ubongo mdogo. Anzia hapo, kisha amini macho yako kuliko namba. Wazee na wenye presha ya muda mrefu mara nyingi wana karotidi zilizopindapinda. Panda au shuka sentimita moja au mbili hadi upate pamenyooka.

4c. Geuza bamba likate mishipa kama kisu kinavyokata karoti, si mshazari. Ukilazimika kuchagua, zipe karotidi kipaumbele, kwa maana ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya damu ya ubongo.

4d. Sawazisha uga wa sumaku ukihusisha shingo. Wengi huweka kisanduku cha kusawazisha ubongoni tu, wakisahau kwamba alama hutiwa shingoni.

Onyo: kwenye baadhi ya mashine huoni bamba kabisa. Linafuata ukingo wa chini wa kisanduku cha picha kwa umbali uliopangwa kiwandani. Ukiinua kisanduku ili kuokoa muda, umeinua bamba pia, na unaweza kuliweka hasa pale ateri za vetebra zinapojikunja kuingia fuvuni. Kwa mashine hizo, teremsha kisanduku hadi kwenye tundu kubwa la chini ya fuvu.

Kisa kimoja. Kliniki moja hapa mjini, jina nalihifadhi, nusu ya kulia ya ubongo wa mzee mmoja ilitoka nyeusi. Ripoti ilikuwa karibu kuandikwa kwamba karotidi ya kulia imeziba. Lakini picha za kiharusi zilikuwa safi, mzee alikuwa ametembea mwenyewe kutoka stendi, na kwenye ukingo wa giza hapakuwa na hata mshipa mmoja uliong'aa kuonyesha damu inayochelewa. Tulipoangalia shingo, bamba lilikuwa limekata karotidi ya kulia mahali inapopinda kama kiwiko. Tukalishusha sentimita mbili na kurudia. Pande zote zikawaka sawa. Mimi ndiye niliyekuwa nimeliweka lile bamba mara ya kwanza.

Umefaulu hapa ikiwa unaweza kuonyesha kwa kidole, kwenye picha ya mishipa, bamba likivuka mishipa minne iliyonyooka.

## Hatua ya 5: Saa

Kuna muda wa kutia alama na kuna muda wa kungoja. Kwenye skrini wa pili huandikwa PLD, na watu huuchanganya na wa kwanza.

Kutia alama: milisekunde 1,800. Mashine nyingine zimefungwa kwenye 1,450 na huwezi kubadilisha. Si neno, ilimradi uingize namba halisi kwenye hesabu.

Kungoja, kwa milisekunde, hutegemea aliyelala mezani:

- Mtoto mchanga: 2,000
- Mtoto: 1,500
- Mtu mzima mwenye afya, chini ya miaka 70: 1,800
- Mwenye afya aliyezidi miaka 70: 2,000
- Mtu mzima mgonjwa, wa umri wowote: 2,000

Mtoto mchanga anawekwa na wazee kwa sababu damu yake husafiri polepole. Wa miaka mitano au kumi ni kinyume: damu yake inakimbia, na mtiririko wake huzidi wa mtu mzima.

Kwa mwenye karotidi iliyobanwa, au kiharusi cha zamani, hata 2,000 huenda isitoshe. Mashine yenye uwezo wa kungoja mara kadhaa tofauti katika kipimo kimoja itumie hapa. Isiyo nao, piga mara mbili: 2,000, kisha 2,500 au 3,000. Sehemu iliyokuwa giza ikijaa kwenye picha ya pili, damu inafika, ila kwa kuchelewa. Ikibaki giza mara zote, tatizo ni zito zaidi, au alama haikutiwa. Kwa daktari wa kiharusi, habari hiyo peke yake ina thamani kuliko namba yoyote.

Kwa PASL hesabu ni tofauti: alama hutiwa kwa pigo moja kwenye kipande kinene cha shingo, sentimita 15 hadi 20, na damu yake hukatwa baada ya milisekunde 800. Muda wote tangu pigo hilo hadi picha huchukua namba zilezile za orodha ya juu.

## Hatua ya 6: Mipangilio mingine

Nitapita haraka, hapa watu hawakosei sana.

Usomaji wa 3D (ubongo wote kwa pamoja), uwe wa GRASE au wa spirali, ni bora kuliko EPI ya vipande (kimoja baada ya kingine). Vokseli, yaani chembe ndogo zinazojenga picha, ziwe za milimita 3 hadi 4 kwa upana, na unene wa 4 hadi 8. Usitamani vokseli ndogo kama za picha ya T1, ishara haitoshi.

Washa kipengele cha kuzima ishara ya tishu iliyotulia. Hupunguza sana madhara ya kutikisika. Lakini kila pigo lake hupunguza kidogo nguvu ya alama, kwa hiyo andika ni mapigo mangapi.

Muda wa jumla: dakika nne hadi tano. Kwenye tesla 1.5, ongeza muda au ukubwa wa vokseli. Kupunguza marudio ili foleni isogee ni hasara: mgonjwa atarudi.

## Hatua ya 7: Picha ya M0

Hii ni picha ya ishara kamili ya ubongo, na ndiyo mizani yako. Bila M0 utapata picha nzuri isiyo na kipimo, ambayo haiwezi kulinganishwa na ya mtu mwingine.

Ipige kwa mpangilio uleule wa ASL, bila alama, bila kuzima tishu, na TR (muda kati ya pigo moja na linalofuata) ya milisekunde 5,000 au zaidi. Ukitumia TR ya 2,000 bila kusahihisha, kwenye tesla 3 sehemu ya kijivu itakuwa imerudisha kama asilimia 79 tu ya ishara yake, na namba yako ya mtiririko itapanda kwa zaidi ya robo. Ubongo utaonekana na afya ya kupita kiasi.

Usibadilishe kitu kati ya M0 na ASL, iwe ni koili, mahali pa kisanduku au ukuzaji wa ishara.

## Hatua ya 8: Kagua mgonjwa akiwa bado mezani

Usimshushe kwanza. Fungua picha ya tofauti, uitazame kwa dakika moja.

Picha njema: utepe wa gamba la ubongo unang'aa na kufuata mikunjo yake, sehemu nyeupe katikati ni hafifu, kulia na kushoto zinafanana.

Vidoti na nyuzi zinazong'aa, gamba ni giza: abiria wako wako Lang'ata Road. Ongeza muda wa kungoja, urudie.

Eneo zima la mshipa mmoja ni giza, mpaka wake umekatwa kama kwa rula, hakuna nyuzi zinazong'aa: shuku bamba kabla ya kumshuku mgonjwa. Rudi hatua ya 4.

Pete inayong'aa ukingoni mwa ubongo: ametikisika. Zungumza naye, bana sponji, rudia.

Ubongo wote ni hafifu: angalia kama gadolini ilitangulia, kama muda wa kungoja ni mrefu mno, au kama moyo wake unasukuma kwa shida. Kwa mwenye moyo dhaifu damu huchukua muda kutoka shingoni.

Kila kitu kimegeuka, gamba jeusi kwenye sehemu nyeupe inayong'aa: picha zimetolewa kinyume, ya kulinganisha kutoka kwa yenye alama. Usirudie kipimo, rekebisha kwenye kompyuta.

Mfereji mkubwa wa vena nyuma ya kichwa unang'aa: usiuite kasoro. Damu yenye alama haipaswi kufika kwenye vena ikiwa bado na wino. Ikifika, huenda kuna njia ya mkato kati ya ateri na vena. Piga simu kwa mtaalamu wa radiolojia hapo hapo. Kwa mgonjwa wa selimundu jambo hili linaweza kutokea bila njia ya mkato, kwa kuwa damu yake inapita kwa kasi.

## Hatua ya 9: Hesabu

Fomula ya pCASL ni hii, CBF ikiwa mtiririko wa damu ubongoni, T1 na muda vikiwa kwa sekunde:

CBF = 6000 × λ × ΔM × e^(PLD/T1) ÷ [2 × α × T1 × M0 × (1 − e^(−τ/T1))]

ΔM ni picha ya tofauti, τ ni muda wa kutia alama. λ, yaani uwiano wa maji ya ubongo na ya damu, ni 0.9. α, yaani ufanisi wa kutia alama, ni 0.85 kwa pCASL (kwa PASL ni 0.98, ila fomula yake ni nyingine). T1 ya damu, yaani ule muda wa wino kufifia, ni 1.65 kwenye tesla 3 na 1.35 kwenye 1.5. Jibu hutoka kwa mililita za damu kwa gramu 100 za ubongo kwa dakika.

Fanya moja kwa mkono ili uijue. Tesla 3, kutia alama 1.8, kungoja 1.8. Ukiziingiza namba zote isipokuwa picha zenyewe, unapata takriban 8,630. Ikiwa tofauti ni 0.007 ya M0, mtiririko ni 8,630 × 0.007, yaani 60. Hiyo ni namba ya kawaida ya sehemu ya kijivu.

Sasa chukua tesla 1.5 na kungoja 2.0. Kizidisho kinakuwa kama 14,060. Ubongo uleule wenye mtiririko wa 60 utakupa tofauti ya 0.0043 tu. Ishara imepungua kwa karibu asilimia 40, sehemu kwa ajili ya sumaku na sehemu kwa kungoja zaidi, na bado sumaku ndogo ina kelele zaidi. Ndiyo sababu nilikataza kupunguza marudio.

Upungufu wa damu. Wagonjwa wa selimundu huletwa Nairobi kutoka magharibi mwa nchi na Pwani, na hapa ndipo namba za kiwandani zinapodanganya zaidi. Damu yenye chembe chache ina T1 ndefu. Kwenye tesla 3 kadirio linalotumika ni T1 = 1 ÷ (0.52 × hematokriti + 0.38). Hematokriti ya 0.42 inatoa 1.67, karibu sawa na namba ya kawaida. Hematokriti ya 0.25 inatoa 1.96. Kizidisho kinashuka kutoka 8,630 hadi kama 6,760. Usipobadilisha, umempandishia mgonjwa huyo mtiririko kwa asilimia 28 ambazo hana. Mtiririko wa wagonjwa hawa kweli huwa juu, mwili ukifidia upungufu wa damu, kwa hiyo namba iliyochomoka haitakushtua, na kosa litapita mlangoni likisalimia.

Kwa FSL, geuza faili kwa dcm2niix, hesabu picha ngapi zimo, kisha endesha:

oxford_asl -i asl.nii.gz --iaf=tc --casl --bolus=1.8 --tis=3.6 --t1b=1.65 -c m0.nii.gz --tr=6 --mc -o matokeo

Mitego mitatu. Kwanza, --tis inataka jumla ya kutia alama na kungoja, 1.8 na 1.8, yaani 3.6, anayeandika 1.8 anaharibu kila kitu na programu haimwambii. Pili, tc maana yake picha yenye alama imetangulia. Ikiwa ya kulinganisha ndiyo ya kwanza, andika ct. Tatu, --tr ni TR ya picha ya M0, kwa hiyo badilisha 6 iwe yako. Ramani yenye vipimo utaikuta kwenye folda ya native_space, jina lake perfusion_calib.

Onyo: mashine nyingine huzidisha picha ya tofauti kabla ya kuihifadhi, au huhifadhi kila picha kwa kigezo chake. Ukipata mtiririko wa 1,900 au wa 2, ubongo hauna kosa. Tafuta kigezo hicho kwenye maelezo ya faili.

Umefaulu hapa ikiwa wastani wa sehemu ya kijivu ya mtu mzima uko kati ya 40 na 100, na sehemu nyeupe iko chini yake waziwazi.

## Hatua ya 10: Andika na uhifadhi

Chini ya ramani andika mambo haya kila mara: aina ya ASL, nguvu ya sumaku, muda wa kutia alama, muda wa kungoja, T1 ya damu uliyotumia na hematokriti iliyoizaa, kafeini, na dawa ya usingizi kama ilikuwepo. Mistari miwili inatosha. Bila hiyo, atakayempima mgonjwa huyu mwakani hataweza kulinganisha.

Hifadhi picha ghafi zote, za alama na za kulinganisha, pamoja na M0. Ramani ya rangi peke yake haiwezi kurekebishwa.

Na ukitaka kunitumia picha iliyokushinda, toa jina la mgonjwa, namba yake na tarehe ya kuzaliwa kwanza. Sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019 inahusu simu yako pia. Nitumie ya tofauti, ya M0, na ile ya mishipa ya shingo yenye bamba likionekana. Nitaanza kuangalia hiyo ya mwisho.